Neutral Milk Hotel: nianze na On Avery Island au In the Aeroplane Over the Sea?

Mwana_Makole
Wakuu, heshima kwenu. Kaka yangu wa Dar kanitumia albamu mbili za bendi hii ya Marekani: On Avery Island ya 1996 na In the Aeroplane Over the Sea ya 1998. Mtunzi ni yuleyule, Jeff Mangum, mzaliwa wa Ruston, Louisiana. Rock ninayoijua ni ya magitaa mazito ya umeme. Hii nimeonja dakika tano nikakutana na tarumbeta za msibani, gitaa kavu, na mtu anayeimba kama anaita ng'ombe ng'ambo ya korongo. Nianze na ipi?

Zeze_Mbili
Anza na ya 1998, mkuu. Nyimbo 11, dakika kama 40, na isikilize kwa mkupuo mmoja, maana wimbo unamwagikia kwenye wimbo.

Robert Schneider, aliyewarekodi Denver mwaka 1997, aliacha mitambo izidiwe makusudi, ndiyo maana gitaa kavu linakwaruza namna ile. Halafu kile kilio kwenye wimbo unaobeba jina la albamu ni msumeno! Msumeno kabisa, unakunjwa na kupigwa kwa upinde. Mpigaji ni Julian Koster. Mimi Mgogo nilipousikia niliwaza zeze hapohapo. Na ule mkwaruzo haukunisumbua, kwa sababu nimekua nikisikia ilimba, kinanda chetu cha kupigwa kwa vidole gumba, ambayo fundi huiwekea utando wa buibui juu ya tundu ili sauti ivume. Kwetu sauti safi mno ni sauti isiyokamilika.

Utunzi wenyewe si mgumu. Kwenye wimbo huohuo vidole vinazunguka kordi za G, Em, C na D. Kijana wa kwaya anaupiga jioni moja. Ugeni uko kooni na kwenye maneno. Mangum alisoma shajara ya Anne Frank, binti wa Kiyahudi aliyefia kambini mwaka 1945, ikamuumiza hasa. Huzuni ile inapita albamu nzima, ikichanganyika na ndoto na mvulana mwenye vichwa viwili. Sauti ikimkwama juu, anaipasua anapita.

Area_C_Usiku
Kwa heshima, napinga. Anza na ya 1996 umwone mtu akijitafuta. Imerekodiwa kwa vifaa duni, lakini melodi zake ni tamu kuliko watu wanavyokiri. Shida ni wimbo wa mwisho: zaidi ya dakika 13 za mvumo mtupu. Huo ruka.

Zabibu_za_Hombolo
Ndugu zangu, mbona mnamtumbukiza mgeni kwenye majonzi? Ipo albamu ya Flood ya bendi ya They Might Be Giants, ya 1990. Nyimbo 19, nyingi fupi. John Linnell, mwimbaji wao, anapiga akodiani, chombo ambacho masikio ya taarabu yanakifahamu zamani. Ana wimbo mzima ambao msemaji wake ni taa ndogo ya usiku kwenye chumba cha kulala, na chini yake muziki unabadilisha ufunguo wa sauti mara kadhaa bila wewe kushtuka. Huo nao ni utunzi wa ajabu, tena wenye furaha.

Zeze_Mbili
Dada Zabibu, Flood naipenda. Ila Linnell anakufanya utabasamu kwa akili yake, Mangum anakushika shati. Mwenye kuuliza kaguswa na sauti ya kuita ng'ombe, kwa hiyo njia yake ni ya Mangum.

Mwana_Makole
Nashukuru wote. Jana nilikuwa kwenye treni ya SGR narudi Dodoma, nikaiweka ya 1998 tangu Morogoro. Wimbo wa Oh Comely umenikuta kwenye mahandaki ya Kilosa: dakika nane, mtu na gitaa lake, tarumbeta zinakuja mwishoni kabisa. Nikaurudisha mara mbili, abiria wa jirani akaniuliza kama kuna msiba. Ya 1996 naisikiliza leo usiku, pamoja na ule mvumo, sitauruka. Dada Zabibu, Flood ni ya Jumamosi.