Mtoto wa malezi ya kambo Kigoma: tumkatie CHF, Toto Afya, aingie NHIF ya mume au tuombe msamaha?

MamaWawili_Katubuka
Salaam kwenu wapendwa. Naombeni mawazo hasa nyie wa Kigoma na Tabora mnaolea watoto mliokabidhiwa na Ustawi wa Jamii. Tuna binti yupo kwetu kwa malezi ya kambo, barua ya ustawi tunayo, ana miaka sita na ana sikoseli. Shida imeanza alipovuka mitano maana chini ya hapo alikuwa anatibiwa bure hospitali ya serikali, sasa hivi kila tukifika dirishani ni kulipa, kumuona daktari hela, kupima wingi wa damu hela, dawa hela, na akibanwa na maumivu usiku akalazwa ndo balaa kabisa, juzi kati tumetoka wodini mtaji wangu wa dagaa wote umeishia kwenye bili.

Nimeambiwa njia nne na kila mtu anasifia ya kwake. CHF iliyoboreshwa, ule mfuko wa afya ya jamii wa kaya nzima. Toto Afya, bima ya mtoto peke yake, au hivi vifurushi vipya vya NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya. Kumuingiza kwenye NHIF ya mume wangu, yeye ni mwalimu, kwenye kadi yake tupo mimi, watoto wetu wawili na mama mkwe, kwahiyo nafasi moja ipo. Halafu kuna kuomba msamaha wa gharama kwa ustawi wa hospitali. Tushike ipi jamani? Cheti cha kuzaliwa bado hana.

Kibirizi_Original
Dada kata CHF usizunguke. Sisi huku tumelipa elfu thelathini kwa mwaka kaya nzima watu sita, afisa mwandikishaji kaja mpaka mlangoni kapiga kila mtu picha kwa simu yake na namba tukapewa. Zahanati unaenda, kituo cha afya unaenda, wakikuandikia rufaa unapanda mpaka Maweni, hospitali yetu ya mkoa. Bima nyingine ya bei hiyo haipo. Nyie mpo wanne na mama mkwe watano, huyo binti ndo wa sita, mmeenea kabisa.

Baba_Isevya
Kibirizi, CHF ni nzuri ila umwambie na inapoishia. Mimi niko Tabora, tulikabidhiwa kijana mdogo aliyekutwa na tundu kwenye moyo. Kitete, hospitali ya mkoa huku, wakampima wakasema huyu lazima aende juu zaidi. CHF mwisho wake ni hospitali ya rufaa ya mkoa, ukiandikiwa Bugando ya Mwanza au Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Dar kadi ile haikusaidii kitu. Bahati yetu tulikuwa tumemkatia Toto Afya enzi zile za 50,400 kwa mwaka, ndo iliyombeba, sisi tukahangaika na nauli ya treni na pa kulala tu. Nauli hakuna bima inayolipa, hilo mliweke akilini mapema, na nyie wa Kigoma basi la Mwanza linapita Kasulu, Kibondo, Kakonko mpaka Nyakanazi ndo mkate kwenda Geita, na mtoto mgonjwa mapajani siyo safari ndogo.

Ila dada ujue Toto Afya ya sasa siyo ile. Machi 2023 NHIF walisitisha mzazi kumsajili mtoto mmoja mmoja wakasema wasajiliwe kupitia shule, watu wengi waliumia sana hapo. Baadaye wakaja na utaratibu mpya pamoja na vifurushi vya Ngorongoro Afya na Serengeti Afya. Usibebe bei ya mtu wa mtandaoni, nenda ofisi ya NHIF ya mkoa wakupigie hesabu ya umri wa mtoto wako, na kama anasoma muulize mwalimu mkuu kama shule yao inasajili kwa pamoja.

Mzee_wa_Gungu
Mi naona mnampotezea mama wa watu muda. Bima zenyewe ukifika unaambiwa dawa hakuna kanunue nje. Bora hiyo hela aweke kwenye kikoba kila wiki, mtoto akiumwa anachukua analipa keshi, hata hospitali ya misheni anapokelewa hapohapo bila mambo ya rufaa.

NesiMstaafu_Ujiji
Mwakeye jamani. Mzee wa Gungu nakuheshimu kaka yangu, lakini kwa mtoto wa sikoseli keshi haitoshi na nitakwambia kwanini. Mtoto wa malaria anaumwa anapona, mwezi ujao hela yako ya kikoba imejaa tena. Huyu wa sikoseli kuna mwezi anacheza vizuri tu na kuna mwezi anabanwa mara mbili, leo maji ya dripu na dawa kali za maumivu, kesho damu imeshuka anahitaji kuongezewa, keshokutwa homa inayotaka sindano za wodini, kikoba gani kitamfuata huyo? Kikoba abaki nacho kwa ajili ya nauli na dawa za kununua nje, hapo nakuunga mkono, ila kiwe pembeni ya bima.

Sasa mwanangu MamaWawili, kwanza hongera kwa kumpokea, kuna watu wakisikia sikoseli wanarudisha barua. Mimi nimekaa wodi ya watoto miaka mingi, naomba nikupangie mambo kwa namna ninavyoona.

Kabla ya bima yoyote anza na cheti cha kuzaliwa. Wa chini ya miaka mitano wanasajiliwa bure kwenye kata na vituo vya afya, huyu wako kapita huko, kwahiyo utaanzia kwa afisa ustawi aliyekukabidhi akupe barua ya kumtambulisha mtoto, uende nayo wilayani kwa msajili wa RITA, wale wanaotoa vyeti vya kuzaliwa. Huku unasubiri, tafuta kadi yake ya kliniki ya utotoni kule alikotoka. Kama haipo, mpeleke akafanyiwe uchunguzi kamili, chanjo ziangaliwe, na apimwe VVU kama hajulikani historia. Kipimo hicho ni bure na akikutwa nayo dawa za CTC, kliniki ya VVU, ni bure pia, TB vilevile, huko hakuhitaji kadi ya mtu.

Pili, usiulize bima ipi ni rahisi, uliza dawa zake na vipimo vyake vimo? Kila siku anameza foliki, hiyo siyo ghali. Daktari akimuanzishia haidroksiyurea, ile dawa ya kupunguza maumivu kumrudia, hiyo ndo ya kuulizia kwa jina kabisa, na kipimo cha damu cha kumfuatilia maana anayemeza ile lazima apimwe mara kwa mara. Andika jina kwenye karatasi ukaonyeshe CHF, ukaonyeshe NHIF, wakujibu ipo au haipo. Anayekujibu "tutaangalia" muombe aangalie umesimama pale pale.

Mimi kwa hali yako ningekata CHF mwezi huu huu ili isipite siku mtoto hana kitu, halafu ningejipanga kwa kifurushi cha NHIF taratibu. Ila na CHF yenyewe uliza kwanza zahanati ya kwenu kama bado wanaandikisha na kwa kiasi gani, maana Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote Novemba 2023 na mambo ya CHF yanabadilishwa, usije ukalipa kwa mtu wa njiani.

Na chandarua kila usiku, maji ya kunywa mengi, mvua ya ziwani isimpige. Picha yake usiweke humu hata mkikuomba.

Dada_wa_Ustawi
Mimi nafanya kazi za ustawi wilayani, siyo Kigoma Ujiji lakini taratibu ni zilezile. Nataka nikae kwenye hilo la NHIF ya mume maana ndo watu wengi wanateleza.

Nafasi kuwa tupu kwenye kadi haitoshi. Mtegemezi mtoto wanayemtambua ni wa kuzaa au aliyeasiliwa kisheria. Malezi ya kambo ni makabidhiano ya kumlea, mtoto bado yupo chini ya uangalizi wa ustawi na anaweza kuwa na ndugu wanaotafutwa, kuasili ni jambo la mahakama na linabadilisha kabisa nani ni mzazi wake. Kwahiyo mumeo akipeleka fomu kwa mwajiri akaambatanisha barua ya kambo peke yake, ajue inaweza kurudi. Aandike barua rasmi ofisi ya NHIF ya mkoa, aambatanishe barua ya ustawi, aombe jibu la maandishi. Wakisema hapana mtakuwa mmejua, na kama moyo wenu ni kumuasili mtoto basi mje ofisini tuanze safari hiyo kwa sababu zake, siyo kwa sababu ya kadi.

Kitu ambacho nakusihi dada yangu usikubali, na najua kuna watakaokunong'oneza, ni kumtafutia cheti kinachosema wewe na mumeo ndo mmemzaa ili aingie kirahisi. Hiyo ni jinai, lakini achana na jinai, mfikirie mtoto. Sikoseli anairithi kwa baba na mama, daktari akiuliza ndugu zake wanaumwa nini faili linamwambia uongo. Siku shangazi yake akipatikana hata kule Uvinza, karatasi zinasema hana undugu naye. Akikua akataka kujua alikotoka mlango umefungwa na nyie mliompenda. Karatasi ya mtoto iseme ukweli, bima tutaitafuta kwa karatasi hiyo hiyo.

Kuhusu msamaha, ni haki ya kuomba na usione aibu. Kila hospitali ya mkoa ina dawati la ustawi, unaenda na barua yako ya malezi ya kambo na barua ya mtendaji wa mtaa. Mtoto aliyekabidhiwa na serikali ana hoja nzito kuliko watu wanavyodhani, Sheria ya Mtoto ya 2009 inataja matibabu na chanjo waziwazi kwenye kifungu cha 8 pamoja na chakula na malazi. Ubaya wa msamaha ni kwamba unaombwa kila mtoto anapougua, anayekusikiliza leo kesho yupo likizo, na dawa za kununua nje hautoi. Kwahiyo ushike kama ngao ya siku mbaya, siyo kama mpango wa mwaka.

Kibirizi_Original
Hilo la cheti nimelielewa dada, kuna jirani yangu alikuwa njiani kufanya hivyo hivyo nitamfikishia. Swali, je akitakiwa kufanyiwa upasuaji nani anasaini?

Dada_wa_Ustawi
Dharura inayotishia uhai madaktari wanaanza kumuokoa, mlezi upo hapo unatoa ushirikiano na unampigia afisa ustawi wako. Upasuaji wa kupanga siku, taarifa iende ustawi kabla, usisaini kimya kimya. Namba ya afisa wako iandikwe nyuma ya faili na ndani ya kava la kadi, siyo kwenye simu tu, maana simu inazima chaji usiku wa manane ukiwa wodini.

Baba_Isevya
Hii ni kweli kabisa. Kuna kituo kimoja sikitaji, walitukalisha benchi mpaka jua linazama kwa sababu majina ya mtoto na yangu hayafanani na mhudumu hakutaka hata kufungua ile barua. Toka hapo natembea na nakala kwenye bahasha ya plastiki, nakala ya barua ya ustawi, ya cheti, ya kitambulisho changu cha NIDA, orijino inabaki nyumbani. Akianza kuuliza nampa bahasha.

Na mzee wa Gungu kuhusu misheni, huku kwetu Nkinga wanatoa huduma nzuri sana na siwezi kuwabeza, lakini uliza kabla kama wanapokea kadi uliyonayo, siyo kila hospitali ya dini ina mkataba na kila bima.

Mzee_wa_Gungu
Sawa vijana nimewasikia. Mi hoja yangu ilikuwa dawa za nje, na hilo hakuna aliyelikanusha.

Kasulu_Mjini_Queen
Samahani kuingilia, na mtoto wa kambi ya wakimbizi je? Nina mama mmoja Mrundi yupo Nyarugusu analea watoto waliofika bila wazazi, aliniuliza kama nimkatie CHF huku mjini.

NesiMstaafu_Ujiji
Usimkatie mwanangu, matibabu ya kambini wanapata kule kule kwenye vituo vya afya vya kambi, na kesi ikizidi kambi yenyewe ndo inatoa rufaa ya kutoka nje. Mwambie huyo mama ahakikishe watoto wameandikwa kwenye kumbukumbu za kambi kwamba yeye ndo mlezi wao, asiwe anawabeba kama wageni wa nyumbani tu. Hapo ndo pa kukaza.

MamaWawili_Katubuka
Asanteni sana mno, bi nesi na dada wa ustawi Mungu awaweke. Nimeongea na mume wangu usiku huu. Kesho yeye anapitia zahanati kuulizia CHF, mimi naenda kwa afisa ustawi wetu kwa ajili ya barua ya RITA, na jina la dawa nimeshaandika kwenye karatasi. Barua ya NHIF ataandika wikiendi ila hatuweki matumaini yote huko. Na dawati la ustawi pale Maweni nitajitambulisha kabla hajaumwa tena, siyo nikafike nalia saa nane usiku.

Mwalimu_Gungu2
Niulize kidogo kabla hamjafunga. Sisi ni familia ya kuaminika, tunapokea mtoto kwa muda mfupi tu halafu anahamia kwingine au anarudi kwa ndugu. Inafaa kweli kumlipia mwaka mzima?

Dada_wa_Ustawi
Mwalimu inafaa, ila chagua inayomfuata. CHF imefungwa kwenye kaya yako, akiondoka inabaki kwenu. Kadi ya NHIF iliyoandikwa jina lake mwenyewe ataondoka nayo popote ndani ya nchi mpaka muda wake uishe. Kama ni wiki chache tu tumia msamaha kupitia ofisi yetu, kama ni miezi tuzungumze nani achangie. Na kadi yake ya kliniki ipige picha kurasa zote utume kwa afisa kabla hajaondoka kwako, kituo kinachofuata hiyo ndo wataiulizia kwanza.