MJADALA: Michango yetu inunue projekta, au walimu wabaki na chaki na chati?

Wanajamvi wa Moshi na Arusha, habari zenu. Kwenye sekondari ya kata anakosoma mwanangu hapa Moshi, wazazi tumegawanyika. Uongozi umeomba mchango wa hiari tununue projekta na kompyuta, walimu wafundishe kwa picha. Wanaopinga wanasema darasa litageuka kibanda umiza, yaani banda la kuangalia video, bora pesa iende kwenye vitabu na chati za ukutani.

Mimi naunga mkono, kwa sharti moja: mwanafunzi aiendeshe picha mwenyewe, asikae kuitazama tu.

Chukueni usomaji wa ramani kwenye Jiografia. Asubuhi isiyo na mawingu mtoto wa Moshi anaiona Kibo, kilele cha Kilimanjaro chenye mita 5,895, na Mawenzi pembeni yake. Mpe ramani ya kontua (mistari inayounganisha sehemu zenye mwinuko sawa) ya mlima huohuo: haoni mlima, anaona mistari imesongamana basi. Mwalimu anaweza kuchora mlima ubaoni ukitazamwa kwa ubavu, kisha ukitazamwa kutoka juu. Ile hatua ya katikati, mlima unapoinama taratibu mpaka mistari ya mwinuko ikalala chini ikawa ramani, chaki haiiwezi. Kompyuta inaiweza. Mtoto akiuzungusha mwenyewe anaelewa kwa nini kontua zinabanana kwenye miteremko mikali ya Mawenzi na kuachana kwenye uwanda wa Shira. Na kwa kidato cha kwanza, aliyetoka kusoma kwa Kiswahili na sasa Kiingereza kinambana, picha ya namna hii inamfikia kabla ya maelezo ya kitabu.

Hofu ya kibanda umiza siipuuzi. Mwaka 2002 mwanasaikolojia Barbara Tversky na wenzake walipitia tafiti za picha zinazotembea, wakaona mara nyingi hazizishindi picha tulivu. Sababu mojawapo ni kwamba zinapita upesi, akili haiwahi kuzishika. Kwa hiyo mwalimu asimamishe picha, aulize kitakachofuata, kisha kila mtoto achore kwa penseli kwenye daftari lake. Chumba cha mtihani wa NECTA hakina projekta.

Programu zisiwatishe. Mazoezi ya PhET, yaani majaribio ya sayansi na hisabati ya kuendesha kwenye kompyuta, ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder ni bure, mengine yametafsiriwa kwa Kiswahili, na yakishapakuliwa yanafanya kazi bila intaneti. Umeme ukikatika, hapo wapinzani wana haki, chati inabaki ukutani. Kwa sehemu za ua au mifupa ya mkono sioni haja ya kompyuta hata kidogo.

Sasa walimu mlioko humu, hasa mnaofundisha madarasa yaliyojaa kwa projekta moja: mtoto wa dawati la nyuma mnamfikishaje zamu ya kuiendesha hiyo picha? Na wazazi mnaopinga, tutajieni chati mnazotaka zinunuliwe, za somo gani na kidato gani.