Saruman aliharibiwa na madaraka, au na kutoulizwa?

Juzi baada ya isha, barazani kwetu Kibokoni, Mombasa, kahawa chungu ikizunguka, mabishano yalianzia kwenye uchaguzi yakaishia kwa mchawi wa hadithi. Mzee mmoja alisema tungechagua wasomi watupu nchi ingepona. Kijana aliyekaa mwisho wa baraza, msomaji mkubwa, akamkata kauli: "Na Saruman je, mzee wangu? Yeye nani alimshinda kwa kusoma?" Hapo mabishano yakageukia ni nini kilichomharibu Saruman, tukaachana usiku mkubwa bila kuelewana. Naleta mjadala hapa kwa sababu naona pande zote mbili zilikosea mahali pale pale.

Kwa wasiomjua: Saruman ni wa J.R.R. Tolkien, ndani ya The Lord of the Rings iliyotoka 1954 na 1955. Ni mmoja wa wajuzi watano waliotumwa Dunia ya Kati kuwatia watu moyo wampinge Sauron, bwana wa giza, kwa sharti kwamba wasitawale mtu kwa nguvu wala kwa vitisho. Yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wao, mwenye kanzu nyeupe na elimu kuliko wote. Mwisho wake alijenga jeshi, akakata misitu, akaitaka Pete ya Sauron, yenye nguvu ya kutawala wengine, iwe yake, akafa kwa kisu cha mtumishi wake mwenyewe.

Nianze na neno, maana Kiswahili chetu kina la kusema hapa. Ukisema "mchawi mwenye hekima", sikio la Mswahili linakataa. Mchawi kwetu ni mbaya tangu mwanzo, hana pa kuharibikia. Anayetibu ni mganga. Kwa hiyo swali letu hasa ni hili: mganga aligeukaje mchawi? Na wazee wetu wanajua kwamba hawa wawili hawatofautiani kwa mitishamba wanayoijua. Anayejua kutegua anajua kutega.

Upande wa kwanza barazani ulisema madaraka hulevya, basi, hakuna la zaidi. Nawauliza: mbona hayakumlevya Galadriel, aliyetawala nchi yake miaka na miaka, na kidoleni ana pete ya nguvu? Frodo, aliyekuwa ameibeba, alimpa ile Pete kubwa bure, mkononi, naye akaikataa. Gandalf, mwenzake Saruman katika wale watano, naye aliikataa, akaogopa hata kuishika, kwa kuwa alijua ingempitia kwenye huruma yake. Saruman hakuwahi kuigusa hata siku moja. Aliharibiwa na kitu ambacho hakukipata.

Upande wa pili, maalim mmoja ninayemheshimu sana, alisema ubaya ulikuwa ndani ya mbegu. Hoja yake ina uzito. Kabla ya kuja duniani Saruman alikuwa mfuasi wa Aulë, fundi mkuu wa wafua vyuma, na Sauron naye asili yake ni huko huko. Wanafunzi wawili wa mwalimu mmoja, wote wakapotea. Lakini maalim wangu amruhusu mwanafunzi wake amkumbushe kisa cha Aulë mwenyewe, kimo katika The Silmarillion ya 1977. Aulë alikosea vilevile: kwa pupa ya kuumba aliwatengeneza Vibeti kwa siri, kabla ya wakati na bila ruhusa. Alipoulizwa na Muumba kwa nini amefanya hivyo, hakujitetea. Alikiri, akainua nyundo yake huku akilia ili avunje alichokitengeneza, na hapo ndipo aliposamehewa na kazi yake ikaachwa iishi. Mbegu ni ile ile. Tofauti ni kwamba Aulë aliulizwa, akajibu.

Saruman nani alimwuliza? Angalieni tarehe zilizomo mwishoni mwa The Lord of the Rings. Mwaka 2463 wa Enzi ya Tatu linaundwa Baraza Jeupe, la wenye hekima wanaompinga Sauron, Saruman anakuwa mkuu wake. Galadriel alimtaka Gandalf, Gandalf akakataa ukubwa. Mwaka 2759 anapewa funguo za mnara wa Orthanc kule Isengard na mtawala wa Gondor, akae kama mlinzi kwa niaba ya mwenyewe. Mwaka 2851 Gandalf analiomba Baraza limshambulie Sauron kabla hajapata nguvu, Saruman anapinga, na hoja yake inashinda. Kumbe tayari alikuwa anaitafuta Pete kwa siri kandokando ya mto ilikopotelea, huku akiwaambia wenzake imekwisha kubebwa na maji hadi baharini. Wakamwamini! Elimu ya pete waliiacha yote kwake. Hakuna aliyekuwa na ujuzi wa kumwambia, "Hebu tuonyeshe hesabu yako." Babu zetu walisema mpe mchawi mwana amlee, wakiamini kwamba ukimkabidhi dhamana ataona haya. Baraza Jeupe lilimpa mwana, kisha likasahau kwenda kumtazama mwana.

Habari ya funguo sisi wa Mombasa tusiione ngeni. Mazrui walikaa hapa kama maliwali kwa niaba ya Oman. Ilipobadilika dola kule katika karne ya 18, wakaishika Mombasa kama yao mpaka 1837. Simfananishi mtu na Saruman, na najua Muyaka aliwaimbia kwa mapenzi ya kweli, nami nayapenda mashairi yale. Nasema tu kwamba ufunguo wa amana ukikaa mkononi mwa mtu muda mrefu bila mwenyewe kuja kubisha hodi, mkono unasahau.

Nilishaliona hili kwa macho yangu katika chama chetu cha akiba. Mweka hazina alikuwa ndiye msomi wetu, mtu mpole, mwenye kuswali safu ya mbele. Kwa miaka sita hakuna aliyeomba kuliona daftari, maana kuomba kungeonekana ni kumvunjia heshima. Siku tuliyoomba, fedha zilikuwa zimekwenda. Wengi walisema alikuwa mwizi tangu zamani amejificha. Mimi siamini hivyo, na inaniuma mpaka leo. Naamini mwaka wa kwanza alikuwa mwaminifu kabisa, na sisi kwa adabu zetu tulimwacha peke yake na kile kisanduku. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na waliomsifu ni sisi.

Ndiyo maana simkubalii mzee wetu kuhusu wasomi. Sheria ya uchaguzi ya Kenya ya 2011 inamtaka mgombea ugavana awe na shahada ya chuo kikuu. Sawa. Lakini shahada inatuambia anajua, haituambii kama ataulizika. Na kadiri anavyojua kutushinda ndivyo tunavyoona haya kumwuliza.

Kuna waliomtetea Saruman kwamba alikata tamaa tu: alitazama ndani ya lile jiwe la kuonea mbali, palantír, akaona nguvu za Sauron, akaamini hashindiki. Naukubali woga huo, ni wa kweli, na alipotazama Sauron alimnasa. Lakini msikilizeni anavyomshawishi Gandalf. Anamwambia tujiunge na mwenye nguvu, tusikitike kimoyomoyo kwa maovu yatakayotendeka njiani, mwishowe tutamwongoza sisi wenye hekima, tulete elimu na utaratibu. Maneno haya tumeyasikia nyumbani, kila mara mtu tuliyemchagua kuikosoa serikali anapovuka upande wa pili: naingia ndani niwaletee watu wangu maendeleo. Gandalf alipokataa, alifungiwa juu ya mnara. Mtu pekee aliyemhoji Saruman uso kwa uso akafanywa mfungwa.

Na Gandalf naye simwachi. Alipokataa kuongoza Baraza wengi wanausifu unyenyekevu wake. Mimi naona alimwachia mwenzake kiti ambacho hakikumfaa, na hata aliposhuku alinyamaza miaka mingi kwa kuheshimu elimu ya mkubwa wake. Najua hapa nitapigwa mawe, karibuni.

Ila jibu ninalolingoja zaidi ni la wanaoshikilia kwamba madaraka ndiyo yaliyomharibu. Wale Ent, wachunga miti, walipokwisha kuibomoa Isengard, Saruman alibaki amejifungia Orthanc hana askari hata mmoja, maji yamezunguka mnara. Gandalf alisimama chini akamwambia ateremke aende zake huru, aweke tu rehani fimbo yake na ufunguo wa Orthanc, atarudishiwa akionyesha kustahili. Karibu ashuke. Alisita, uso ukabadilika, kisha akakataa. Madaraka yote yalikuwa yamekwisha kumtoka, kilichobaki ni kuutoa ufunguo mbele ya watu. Niambieni, saa ile kilichomzuia ni kitu gani?