Umaskini wa nyumbani kwa Fannie Lou Hamer: watoto 20 au daftari la mwenye shamba?

Kijana wa Maktaba ameuliza:

Habari za jioni, wanajukwaa. Juzi katika kikundi chetu cha usomaji tulikuwa tukizungumzia maisha ya Fannie Lou Hamer, yule mama wa jimbo la Mississippi, Marekani, ambaye mwaka 1964 alikaa mbele ya kamati ya chama cha Democratic mjini Atlantic City, akaeleza jinsi alivyopigwa gerezani kwa sababu ya harakati za kudai haki ya kupiga kura. Mazungumzo yalipofika kwenye utoto wake yakakwama. Mwenzetu mmoja alishikilia kwamba umaskini wa familia ile hauna la kushangaza, kwa kuwa mzee mwenye watoto 20 angewalisha nini? Nilimpinga, lakini kusema kweli nilimpinga kwa hasira kuliko kwa hoja.

Ninachokijua ni kwamba alizaliwa tarehe 6 Oktoba 1917, kitinda mimba wa James Lee na Lou Ella Townsend, na kwamba alianza kuchuma pamba akiwa na umri wa miaka sita. Kinachonitatiza ni hesabu yenyewe. Nyumba yenye mikono mingi kiasi hicho, inayofanya kazi tangu alfajiri mpaka giza linapoingia, inawezaje kumaliza msimu bila hata viatu vya watoto? Naomba mwenye kufahamu jinsi kilimo kile kilivyoendeshwa anieleweshe.

Mzee wa Mizani amejibu:

Mwenzako ameishika hoja kinyumenyume. Katika kilimo cha nusu kwa nusu watoto hawakuwa mzigo, wao ndio waliokuwa mtaji. Utumwa ulipokomeshwa Marekani mwaka 1865, ardhi ya Mississippi ilibaki kwa wenyewe walewale, na watu weusi waliokuwa wameachiwa huru bila shamba, bila mnyama na bila senti mfukoni wakajikuta wakirudi kwenye mashamba yaleyale kwa makubaliano mapya: mwenye shamba anatoa ardhi na kibanda, mkulima anatoa nguvu zake na za jamaa yake, kisha mavuno yanagawanywa katikati. Kabla ya kukukatia eneo la kulima, bwana shamba alihesabu kwanza mikono iliyomo nyumbani mwako. Akina Townsend, wenye wavulana 14 na wasichana 6, walihamia kaunti ya Sunflower mwaka 1919, na Hamer mwenyewe alikumbuka kwamba msimu mzuri uliweza kuwapa marobota 55 hadi 60. Robota moja la pamba iliyochambuliwa lina ratili 500 hivi, yaani kama kilo 227. Hebu zidisha uone ni tani ngapi, halafu umuulize mwenzako kama hiyo ni familia iliyozidiwa na vinywa vya kulisha.

Fedha zilipotelea kwenye daftari. Kuanzia wakati wa kupanda mpaka wakati wa kuvuna mkulima hana kipato chochote, kwa hiyo anakopa unga, mafuta ya kupikia na nguo kwenye duka la shamba, ambalo ni la bwana yuleyule, kwa bei aliyoipanga yeye na riba anayoiandika yeye. Pamba ikishachumwa, ikapita kinuni na kuuzwa, mkulima anaitwa kufanya hesabu. Katika ile nusu yake hukatwa mbolea, hukatwa mbegu, hukatwa mkopo wa dukani, na kinachobaki anatajiwa kwa mdomo. Hana daftari lake la kulinganisha, na hata angekuwa nalo, katika Mississippi ya wakati ule neno la mtu mweusi halikusimama mbele ya neno la mzungu. Wengi walitoka kwenye hesabu hiyo wakiambiwa kwamba wanadaiwa, na deni likavushwa hadi mwaka unaofuata.

Mtego huo Hamer aliuonja mapema kuliko wengi. Siku moja, akiwa na miaka sita, alikuwa akicheza kando ya barabara, mwenye shamba akasimamisha gari, akamuuliza kama anaweza kuchuma pamba. Alipojibu kwamba hajui, mzungu akamwahidi vitu vya dukani ambavyo kwao havikuonekana: samaki wa kopo, biskuti, vitu vitamu. Mtoto akachuma ratili 30 wiki ile, kama kilo 14, akapewa zawadi zake. Wiki iliyofuata akatakiwa afikishe ratili 60. Alipokuwa na miaka 13 alikuwa akichuma ratili 200 hadi 300 kwa siku. Nimewahi kushika mizani ya pamba katika ujana wangu, na nawaambieni kwamba mtu mzima mwenye mikono myepesi huifikisha ratili 200 kwa taabu.

Mama Zawadi amejibu:

Maelezo ya Mzee wa Mizani yamenyooka, ila amemwacha mama nje ya mlango, nami namwona Lou Ella Townsend kuwa ndiye nguzo ya kisa chote. Msimu ukiisha na hesabu ikitoka bila kitu, ni yeye aliyewaongoza watoto kwenda shamba hadi shamba kuomba ruhusa ya kuokota pamba iliyosazwa kwenye mashina. Ilikuwa majira ya baridi, ardhi imeganda, na kwa kuwa hapakuwa na viatu aliwafunga watoto miguu kwa matambara. Walitembea hivyo mpaka masalia yakatimia robota moja, likauzwa, wakapata chakula. Mahali walipochinja nguruwe alikwenda kusaidia, akalipwa kwa miguu, vichwa na matumbo. Chakula cha kawaida nyumbani kilikuwa mboga za majani zilizopikwa kwa mchuzi wa unga, na siku nyingine mkate na kitunguu tu. Nguo zake mwenyewe zilikuwa na kiraka juu ya kiraka hata zikawa nzito.

Katika kazi ya kufyeka shamba jipya, kipande kiliruka kutoka kwenye shoka kikampiga jichoni. Matibabu ya maana hakuyapata, na jambo ambalo daktari angeweza kulishughulikia likaishia kwenye upofu wa macho yote mawili. Bintiye Fannie Lou alimchukua akamtunza nyumbani kwake mpaka mama huyo alipofariki mwaka 1961. Binti huyo alisema baadaye kwamba kumtazama mama yake akiteseka vile ndiko kulikomfanya auchoke ule mfumo.

Hata hivyo nisingependa tumkumbuke Lou Ella kwa machozi tu. Kila siku alikwenda shambani na ndoo iliyofunikwa kitambaa, na siku moja mtoto alipochungulia ndani alikuta bastola. Mama yule hakukubali mzungu yeyote ampige mwanawe. Tena Fannie Lou alipomuuliza kwa nini wao hawakuzaliwa weupe, kwa sababu aliona weupe hawalimi na bado wanakula vizuri, alimkataza kabisa kusema maneno hayo, akamtaka ajiheshimu kama mtoto mweusi, kisha akajinyima mpaka akamnunulia mwanasesere mweusi. Mtoto alikuwa hajawahi kumwona mwanasesere wa rangi yake.

Kijana wa Maktaba ameandika:

Shikamoo Mzee wa Mizani, na shikamoo Mama Zawadi. Nimezidisha marobota 60 nikapata zaidi ya tani 13 na nusu, nikabaki nimeduwaa. Sasa nina swali la pili, kwa sababu najua mwenzangu atalileta: je, mzee Townsend hakujaribu kutoka kwenye kilimo hicho cha nusu kwa nusu akalima mwenyewe?

Mzee wa Mizani amejibu:

Marahaba. Alijaribu, na hapo ndipo panaponiuma kuliko pengine pote. Mwaka mmoja mavuno yalikuwa mazuri kiasi kwamba, pamoja na makato yote, zikabaki fedha. Mzee James, ambaye pia alikuwa mhubiri wa Kibaptisti, akakodi ardhi, akanunua nyumbu watatu, ng'ombe na majembe ya kukokotwa, akaanza kutengeneza nyumba, na hata gari akanunua. (Kwa vijana wa mjini: hapa nyumbu ni yule mtoto wa punda na farasi, afungwaye plau, wala msimfikirie yule wa Serengeti.) Tofauti ilikuwa kubwa mno. Mwenye nyumbu na zana zake hulipa kodi ya ardhi na mavuno yakawa yake. Asiyekuwa nazo hutumia za bwana, na bwana huchukua nusu ya mavuno.

Usiku mmoja mzungu aliingia kwenye zizi lao akakoroga galoni nzima ya sumu ya kijani ya kuulia wadudu wa pamba, yenye aseniki, ndani ya hori la chakula cha wanyama. Jamaa walipofika, nyumbu mmoja alikuwa ameshakufa, na wale wawili pamoja na ng'ombe walikuwa wamevimba matumbo wakisubiri kufa. Hamer aliposimulia kisa hicho alisema wazi sababu yake: walikuwa wameanza kupiga hatua. Hawakuinuka tena baada ya pale. Wakarudi kulima nusu kwa nusu.

Tazama basi jinsi mambo mawili yalivyoshikana. Daftari lilitosha kumzuia mkulima asipande juu, na kwa yule mmoja aliyepenya licha ya daftari, palikuwa na galoni ya sumu.

Hoja Kwanza amejibu:

Nimefuatilia kwa makini, lakini naona kama mnawafanya watu wale wanyonge kupita kiasi. Mkulima anayeibiwa kila mwaka kwa nini asigombee haki yake, au basi asihame?

Mzee wa Mizani amejibu:

Kuhama walihama, ndugu, kwa mamilioni. Miji ya Chicago na Detroit ilijaa watu waliokimbia mashamba yale. Ama kugombea, Hamer alipokuwa bado mtoto, mwaka 1923, mkulima mmoja aliyeitwa Joe Pullum aligombana na mwenye shamba karibu na mji wa Drew, katika kaunti hiyohiyo, kwa sababu ya malipo aliyoyadai. Risasi zikafyatuliwa, akajificha akapambana na kundi la wazungu waliomfuata, akawaua baadhi yao kabla ya kuuawa. Sikio lake lilikatwa likawekwa kwenye chupa, likaonyeshwa dukani mjini Drew. Hamer alikikumbuka kisa hicho maisha yake yote. Mtu aliyepita mbele ya duka lile akaiona ile chupa, halafu akaitwa kufanya hesabu mwezi Desemba, ungetaka aseme nini?

Mama Zawadi amejibu:

Niongeze habari ya shule, kwa maana haijaguswa. Shule ya watoto weusi ilifunguliwa kwa takriban miezi minne tu, Desemba hadi Machi, wakati ambao pamba haina kazi, na hata miezi hiyo wengi hawakwenda kwa kukosa nguo. Fannie Lou aliupenda usomaji, akawashinda wenzake katika mashindano ya tahajia, lakini darasa lilimwishia akiwa na miaka 12 hivi, wazazi walipokuwa wamechoka na kazi ikimhitaji. Mguu nao ulikuwa na kilema, kwani polio ilimpata utotoni akachechemea maisha yake yote. Zile ratili 300 zilichumwa na binti anayechechemea.

Baba yake alifariki mwaka 1939. Mwaka 1944 Fannie Lou aliolewa na Perry Hamer, aliyeitwa Pap, wakaishi kwenye shamba jingine karibu na mji wa Ruleville kwa miaka 18. Bwana wa pale alipogundua kwamba anajua kusoma na kuandika, akamfanya karani wa kuandika saa za kazi na uzito wa pamba. Hapa namwachia Mzee wa Mizani, maana ni kazi yake.

Mzee wa Mizani amejibu:

Ahsante, Mama Zawadi. Mizani ya shambani ilikuwa ya kuning'iniza: gunia upande mmoja, na upande wa pili kuna jiwe la chuma linalosogezwa juu ya mkono wenye alama mpaka usawazike. Siri yote imo katika jiwe lile. Likiwa zito kuliko inavyopasa, mkono unasawazika mapema na mchumaji anaandikiwa ratili pungufu ya alizochuma. Bwana alikuwa na jiwe la namna hiyo. Hamer akajipatia jiwe lake la haki, akawa analichukua kwenda nalo shambani, na bwana akishaondoka analitundika lile la kwake, akipimia wachumaji pamba yao sawasawa. Akimwona anarudi, jiwe la wizi linarudishwa mahali pake. Aliifanya kazi hiyo kwa miaka mingi kabla hajasikia kwamba mtu mweusi ana haki ya kujiandikisha kupiga kura, jambo ambalo kwa maelezo yake mwenyewe alilijua kwa mara ya kwanza mwaka 1962, akiwa na miaka 44, katika mkutano uliofanyika kanisani Ruleville.

Tarehe 31 Agosti mwaka huohuo alipanda basi pamoja na wenzake 17 kwenda mji wa Indianola kujiandikisha. Alipewa kifungu cha katiba ya jimbo akitolee maelezo, akafelishwa. Jioni alipofika nyumbani, bwana shamba akamwambia aondoe jina lake au aondoke. Akaondoka usiku uleule. Pap akalazimika kubaki mpaka mavuno yaishe.

Kijana wa Maktaba ameandika:

Nawashukuru sana wazee wangu. Tunakutana tena Alhamisi. Sitaanza na hotuba, nitampa mwenzangu kalamu na karatasi, nitamwomba azidishe 60 kwa 227, kisha anieleze fedha zile zilikwenda wapi.

Hoja Kwanza ameandika:

Na akisema zililiwa na watoto, msomee habari ya wale nyumbu. Mimi nimekubali.