Laptopu haioni waifai hata moja, nisaidieni kabla ya Jumatatu

Mama Achi, Kondele
Hamjambo wadau. Nimemnunulia binti yangu laptopu iliyotumika ng'ambo, anaripoti Maseno Jumatatu. Kijana wa mtaani aliifuta yote akaweka Windows 11 kwa flashi. Sasa ikifika pa kuchagua mtandao, orodha ni tupu, na kitufe cha kuendelea kimefifia. Simu zetu zote zinashika ruta hiyo hiyo. Tundu la waya wa mtandao haina. Aliyeniuzia anadai kadi ya waifai imekufa, niongeze pesa abadilishe. Pesa iliyobaki ni ya chumba cha mtoto.

Mkulima wa Kakamega
Pole dada. Kuna kitufe chenye picha ya ndege, hebu kibonyeze kwanza.

Mama Achi
Nimebonyeza, wapi.

Fundi Bondeni, Nakuru
Mama, usitoe hata shilingi bado. Kama hata waifai za majirani hazionekani, kosa si la ruta wala nywila. Ama kadi imekufa kweli, ama Windows haina draiva yake, yaani programu ndogo ya kuiendesha kadi hiyo, na kwa mashine iliyofutwa juzi mimi hushuku draiva kwanza.

Chukua simu ya Android, iache kwenye waifai ya nyumbani, uzime data yake ili bando lisiliwe. Iunganishe na laptopu kwa waya wa USB. Kwenye mipangilio ya simu, upande wa hotspoti, washa ile ya kugawa intaneti kwa USB. Laptopu itaichukulia simu kama waya wa mtandao. Ukimaliza kuiandaa, ingia Windows Update uruhusu masasisho yote, hata yale ya hiari. Draiva mara nyingi hujificha huko.

Mama Achi
Simu inachaji tu, hiyo sehemu haiwaki.

Fundi Bondeni, Nakuru
Badilisha waya. Nyingine hupitisha chaji peke yake, data hazipitishi.

Mama Achi
Imeshika jamani! Nimeazima waya wa jirani. Masasisho yalichukua karibu saa mbili, nikaizima na kuiwasha, ruta yetu ikatokea. Kadi ni nzima kabisa. Asante sana mwanangu. Je, wakiifuta tena huko chuoni?

Fundi Bondeni, Nakuru
Ingia tovuti ya kampuni iliyoitengeneza, tafuta modeli iliyoandikwa chini ya laptopu, upakue draiva ya waifai. Iweke kwenye flashi, binti aende nayo.