Naomba ushauri: Mtakatifu Chad aliwekwa wakfu mara moja au mbili?

Wapendwa, habari zenu. Naandaa maelezo mafupi ya Mtakatifu Chad, abate wa monasteri ya Lastingham huko Uingereza katika karne ya saba, kwa kumbukumbu yake ya tarehe 2 Machi, nimekwama kwenye uaskofu wake. Aliwekwa wakfu kuwa askofu wa York na Askofu Wine pamoja na maaskofu wawili Wabritania, waliofuata hesabu yao ya Pasaka, tofauti na ile ya Roma. Mwaka 669 Askofu Mkuu Theodore wa Canterbury aliona kasoro katika kuwekwa wakfu huko. Chad akang'atuka bila kinyongo, unyenyekevu mkubwa kweli, kisha akapelekwa kuwa askofu wa ufalme wa Mercia, makao yake Lichfield.

Bede, mmonaki mwanahistoria, anasema Theodore aliikamilisha daraja yake ya uaskofu. Stephen, aliyeandika maisha ya Wilfrid, askofu aliyedai kiti hicho hicho cha York, anasema Chad alipewa upya daraja zote. Nimewalinganisha: Stephen alimtetea Wilfrid, ila ndiye aliyetangulia kuandika.

Je, nimfuate nani? Na uaskofu wake niuhesabu kuanzia York au Lichfield?