Kijana wa miaka 15 amekutwa na limfoma ya Hodgkin: vipimo vya ziada ni vya nini, na je, aambiwe?

Mjomba_Mtu

Ndugu zangu, nawasalimu. Ninaandika kwa niaba ya dada yangu, ambaye mwanawe wa miaka 15, mwanafunzi wa kidato cha pili, alianza kutokwa na mitoki upande wa kushoto wa shingo mwaka jana. Hospitali ya kwanza ilimwanzishia dawa za kifua kikuu cha tezi, lakini uvimbe haukupungua. Badala yake zikafuata homa za jioni, jasho la usiku la kulowesha shuka, na kukonda. Tulipopewa rufaa kwenda Bugando, Mwanza, alikatwa tezi moja ikapelekwa maabara, na majibu yakaonyesha limfoma ya Hodgkin, yaani saratani ya mfumo wa limfu.

Tulidhani majibu yakishatoka, dawa zinaanza mara moja. Kumbe ameandikiwa kipimo cha CT cha shingo, kifua na tumbo, eko ya moyo, damu ya kuangalia ini na figo, pamoja na VVU. Baadhi ya ndugu wanaona ni kupoteza muda na fedha. Naomba kueleweshwa.

Jambo la pili ndilo linalotugawa zaidi. Bibi yake ameagiza kwamba kijana asitajiwe jina la ugonjwa, aambiwe ni tezi tu, kwa kuwa ukoo wetu tayari ulishazika watu wawili kwa saratani, na anaamini mtoto akilisikia neno hilo atakata tamaa kabla ya dripu ya kwanza. Kijana ana akili nzuri, ana simu, na bango la kliniki anayohudhuria linasomeka vizuri kabisa.

Muuguzi_Mstaafu

Poleni sana. Vipimo hivyo ni sehemu ya matibabu yenyewe, kwa sababu ndivyo vinavyoamua kijana apewe dawa zipi, mizunguko mingapi, na kama atahitaji mionzi. Ugonjwa huu una hatua nne: katika ya kwanza umo kwenye kundi moja la tezi, katika ya pili uko kwenye makundi mawili au zaidi, yote yakiwa upande mmoja wa kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo, katika ya tatu umeshika juu na chini ya kiwambo, na katika ya nne umesambaa hadi kwenye viungo kama ini, mapafu au uboho. Shingo mnaiona kwa macho, lakini tezi za ndani ya kifua na tumbo hamzioni, na hiyo ndiyo kazi ya CT. Homa, jasho la usiku na kukonda huandikwa kwa herufi B baada ya namba ya hatua, hivyo msishtuke mkikuta faili limeandikwa 2B au 3B.

Eko ya moyo inatakiwa kwa sababu doksorubisini, mojawapo ya dawa zinazotumika sana kwa ugonjwa huu, inaweza kudhoofisha misuli ya moyo, na daktari lazima ajue moyo ulikuwaje kabla ya kuanza. Ini na figo ndivyo vinavyosafisha dawa mwilini. Kipimo cha VVU hakimtuhumu mtoto kwa lolote: virusi hivyo huongeza uwezekano wa kupata limfoma, na vikiwepo, mpango mzima wa dawa hupangwa upya.

Mpelekeeni daktari kadi ya dawa za kifua kikuu alizotumia, kwa sababu rifampisini huingiliana na dawa nyingi, na mtajeni bila woga mganga wa miti shamba kama alipitiwa. Na wakati mnasubiri CT, akianza kushindwa kupumua akilala chali, au uso ukavimba, msingoje tarehe ya kliniki, mrudisheni hospitali siku hiyo hiyo, kwa maana tezi za kifuani zinaweza kubana njia ya hewa au mishipa mikubwa ya damu.

Mama_wa_Wawili

Mimi ninamwelewa bibi. Mwanangu alipougua alikuwa na miaka sita, hatukumtajia jina la ugonjwa, na alitibiwa akapona. Kwa nini kijana asiachwe kwanza afanye mtihani wake wa kidato cha pili kwa utulivu, kisha aelezwe taratibu?

Niliyepitia

Dada yangu, mtoto wa miaka sita na wa miaka 15 ni watu wawili tofauti. Mimi niliugua ugonjwa huu huu nikiwa sekondari, na wazazi wangu walinificha kwa mapenzi yale yale ya huyu bibi. Lakini hospitalini mgonjwa ndiye hubeba karatasi zake mwenyewe kutoka dirisha hadi dirisha. Nililisoma jina hilo nikiwa kwenye foleni ya maabara, nikaikunja karatasi, nami nikaanza kuwaficha wao. Tukaishi hivyo, kila upande ukiigiza kwamba haujui.

Jina lenyewe silo lililonitesa. Baada ya dripu ya kwanza mkojo wangu ulitoka mwekundu, nikaamini ninavuja damu, na sikuwa na wa kumuuliza, kwa kuwa kuuliza kungefichua kwamba ninajua. Kumbe ni rangi ya ile doksorubisini, na muuguzi angenieleza kwa sentensi moja. Nywele nazo zilianza kutoka baada ya wiki mbili hivi, na uongo wa tezi tu haukuwa na jibu la nywele.

Kuna jambo jingine ambalo watu wazima huona haya kulitaja. Baadhi ya dawa za saratani hupunguza uwezo wa kuzaa baadaye, na swali la kuhifadhi mbegu za uzazi lina maana likiulizwa kabla ya dozi ya kwanza. Hata kama huduma hiyo haipatikani karibu, mvulana wa miaka 15 ana haki ya kumuuliza daktari kuhusu dawa zake, tena akiwa peke yake, bila mama na mjomba chumbani. Atauliza vipi kuhusu ugonjwa ambao rasmi hajaambiwa kuwa anao?

Kuhusu mtihani, ni kweli unamhusu, basi naye ahusishwe kupanga. Mimi nilizungumza na mwalimu wa darasa, nikawa ninatumiwa kazi katika wiki zile ambazo mwili ulikuwa na nguvu.

Mjomba_Mtu

Nimemsomea dada yangu majibu yote, na tumekubaliana kumwomba daktari azungumze na kijana tukiwepo, kisha amwachie nafasi ya kuuliza peke yake. Bibi bado anasema saratani haiponi. Na je, gharama?

Muuguzi_Mstaafu

Mwambieni bibi kwamba saratani si ugonjwa mmoja. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilizindua mpango wa saratani za watoto, likachagua aina sita za kuanzia kwa kuwa zinatibika, na limfoma ya Hodgkin ni mojawapo. Kinachowaangusha watoto wengi kwetu ni kufika wakiwa wamechelewa, au kuacha dawa katikati pindi mitoki inapoyeyuka. Itayeyuka mapema, pengine baada ya mizunguko ya mwanzo tu, na hapo ndipo nauli huanza kuonekana ghali. Msidanganyike.

Kwa gharama, anzieni ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali hiyo hiyo kabla ya kuuza chochote. Muhimbili, watoto wenye saratani hutibiwa bila malipo kwa ushirikiano na shirika la Tumaini la Maisha, ambalo pia hushirikiana na hospitali nyingine za rufaa, kwa hiyo ulizeni umri wake unamweka wodi ya watoto au ya watu wazima, kwa sababu jibu hilo linagusa mfuko wenu.

Nunueni kipimajoto leo. Chembe nyeupe za damu, zinazopambana na maambukizi, hushuka sana kati ya siku ya saba na ya kumi na nne baada ya dripu, na joto likifika nyuzi 38 katika siku hizo, hata saa nane za usiku, anapelekwa hospitali. Msimpe panadol mkasubiri kuche, kwani itashusha joto huku maambukizi yakiendelea.

Mjomba_Mtu

Ahsanteni. CT ni Jumatano. Kipimajoto nitakipitia duka la dawa jioni hii.